Njaa ya Mchanga wa Bi Mize

Nije nisije?
Njoo, mkeka umetandikwa.
Nije na nini?
Njoo na ya kale, tuipokee.

Hapo kale, Jumatano ya tarehe tisa Mfunguo Tano, saa kumi alasiri, Vuai alifariki dunia. Mkewe, Bi Mize, akabaki na eda, na ua wa mchanga mweupe, na mbegu za bamia ambazo Vuai alizifunga kitambaani mafungu matatu kwa mkono wake. Mbegu nyingine za mkono ule hazikuwapo tena.

Wageni wa kuhani msiba hawakukatika, naye akafagia ua asubuhi, adhuhuri na alasiri. Pembeni palikuwa na rundo la majani na samadi ya mbuzi, alilomgombezea Vuai miaka yote. Akaliondoa lote, akalitupa nyuma ya nyumba, asije mtu akasema marehemu ameacha mke mchafu.

Akapanda fungu la kwanza la mbegu. Akamwagilia. Mchanga ukanywa, ukanywa, ukanywa, maji yakapita chini, miche ikaungua na jua. Akapanda fungu la pili, akamwagilia maradufu. Mchanga ukanywa, ukanywa, ukanywa, miche ikaungua. Likabaki fungu moja.

Asubuhi moja ufagio ukamsukuma jongoo. Akarudi. Ukamsukuma. Akarudi. Mara ya tatu jongoo akasema, "Bi Mize, miguu yangu yote inauma."

"Basi nenda kwenu."

"Hapa ndipo kwetu. Vuai alikuwa akitulisha, mimi na mchanga."

Bi Mize akautua ufagio. Akasema mchanga ule una kiu isiyokwisha.

"Una njaa," akasema jongoo. "Nao umefiwa, kama wewe. Ulishe, kisha ufunike."

Bi Mize akakaa chini, akalia.

Kisha akachimba. Akatandika makumbi ya nazi, akachanganya mchanga na samadi kuukuu na majani makavu ya rundo lile, akamwagilia, akafunika kwa makuti. Wageni walipoguna, akawaambia anamalizia kazi ya Vuai.

Eda ilipokwisha, akafunua, akatia mkono. Mchanga ulikuwa mweusi kidogo, una ubaridi. Akapanda fungu la mwisho. Miche ikaota, ikasimama. Bamia la kwanza hakulipika. Aliliacha likauke palepale, litoe mbegu.

Hadithi yangu imefika mlangoni, mwenye nyumba aipokee. Mchanga wenu msiunyweshe tu, ulisheni. Na jongoo? Alialikwa kula bamia. Bado anavaa viatu, hajafika nusu ya miguu.

Ee Mola, mrehemu Vuai na wote waliotutangulia. Wapanulie makaburi yao, na mchanga uliowafunika uwe mwepesi juu yao.

Amin.