Kidari Kisichokatwa

Aliyekuja kucheka leo arudi kwao mapema, maana hadithi niliyo nayo haina kicheko. Aliyekuja kuamua, akae. Nimeisimulia kwa watu wengi, na bado hakuna aliyenipa jibu likanituliza.

Palikuwa na shule moja milimani Upare, kijiji cha Kisharo, chini ya mteremko mkali. Mzee Mbonea na mkewe, Mama Nakadori, walisomesha hapo watoto sita, mmoja baada ya mwingine, miaka kumi na tisa mfululizo. Siku alipompeleka kifunguamimba, Mzee Mbonea aliahidi mbele ya walimu: "Kitindamimba wangu akimaliza hapa, nitachinja dume, na kidari kitakuwa chenu."

Elewa kidari ni nini katika ukoo ule. Nyama nyingine hugawiwa kila mtu. Kidari huenda kizima kwenye nyumba moja, kikibebwa na mtoto mwenyewe, na nyumba iliyokula kidari imepata mtoto. Atawachotea maji, atawauguza uzeeni, na siku ya mazishi atatupa udongo kama aliyezaliwa humo. Hakikatwi. Ukikata kidari umemkata mtoto, ndivyo wanavyosema, na usinibishie mimi, kabishane nao.

Shuleni walikuwapo watu watatu waliowalea wale sita wote. Mzee Kiondo, mlinzi na mpiga kengele, alijaliwa masikio: mvua ikiwa bado vilima viwili nyuma, yeye ameshaisikia. Mwalimu Elisifa alijaliwa kumbukumbu: majina mia mbili kichwani bila daftari, na aliyaita asubuhi, baada ya mapumziko na kabla ya kwenda nyumbani, mpaka walimu wenzake wakamcheka. Bi Mwanaidi, mpishi, alijaliwa mikono: alisonga ugali wa shule nzima peke yake kwa mwiko unaomfika kidevuni, na hakuna mtoto aliyekula mabonge.

Kitindamimba aliitwa Naghenjwa. Alikuwa darasa la saba masika yale mvua iliponyesha wiki tatu bila kupumzika.

Mzee Kiondo ndiye aliyesikia. Kijito cha juu ya shule kilinyamaza. Mvua inanyesha, na kijito kimenyamaza! Akajua udongo umekiziba na mlima unakuja. Akakimbilia rimu la lori lililokuwa kengele yao, akaligonga saa isiyo yake, bila kuacha. Watoto wakamiminika uwanjani, ng'ambo ya barabara. Mwalimu mmoja akampigia kelele, "Mzee, toka hapo!" Akajibu, "Bado kuna wanaotoka." Akaendelea kugonga. Mlima ulipofika mlio ulikatika, na Mzee Kiondo alipatikana siku ya tatu.

Mwalimu Elisifa ndiye aliyejua nani hayupo. Uwanjani, katikati ya vilio, aliita majina yake kama kila siku. Wawili hawakuitika. Mmoja Naghenjwa. Wa pili Ombeni, mwanawe wa pekee. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa amewatuma kabla kengele haijalia: Naghenjwa stoo kuchukua chaki, Ombeni ofisini kuleta madaftari. Stoo ilikuwa mwisho huu wa jengo, ofisi mwisho ule, na kote kumefunikwa. Wanakijiji walikuwa mashambani, na uwanjani hawakuzidi watu wazima watano. Bi Mwanaidi akauliza, "Mwalimu, tuanzie wapi?" Waliokuwapo wanasema alifumba macho kidogo tu. "Stoo," akasema. "Mtoto wa watu kwanza."

Bi Mwanaidi ndiye aliyechimba. Alichimba kwa mwiko wake mpaka ukavunjika, kisha akachimba kwa mikono. Alipomfikia Naghenjwa, boriti ilikuwa imembana mgongoni. Bi Mwanaidi akapenyeza mikono yote miwili, akainyanyua, akawaambia wenzake, "Mvuteni." Wakamvuta, mzima. Boriti ikashukia vidole vya Bi Mwanaidi. Walipofika ofisini, mwili wa Ombeni ulikuwa bado una joto, lakini pumzi haikuwamo.

Naghenjwa alipona, akafanya mtihani kwenye darasa la kuazima kanisani, akamaliza. Ahadi ni deni. Mzee Mbonea akachinja dume. Ndipo nyumba ile ikaanza kugombana.

"Kidari kiende kwa mjane wa Kiondo," alisema Mzee Mbonea. "Bila kengele kusingekuwa na uwanja wala wa kuitwa jina. Na hawakujaliwa mtoto. Nani atamzika?"

"Kiondo aligongea watoto wa Kisharo wote," alisema Mama Nakadori. "Elisifa alimchagua wa kwetu, akamwacha wake. Aliyetoa mtoto hulipwa mtoto. Mimi ni mzazi, sijui hesabu nyingine."

Kaka mkubwa akadakia, "Mama, si ndiye aliyemtuma stoo? Na kusema 'stoo' hakukumtoa mtu kwenye tope. Waliomtoa ni mikono, na mikono hiyo leo haiwezi hata kufunga kanga. Kidari ni cha Bi Mwanaidi."

"Bi Mwanaidi alichimba alipoelekezwa," mama akamjibu. "Asingeelekezwa, angechimba wapi?"

Maneno yakawafikia wenyewe. Mjane wa Kiondo alituma salamu: "Mume wangu aligonga kwa ajili ya wote, sikatai. Lakini hao wote hawaji kunichotea maji." Bi Mwanaidi alisema, "Mimi sidai kitu. Ila mama yangu ni kipofu, na sasa ananilisha yeye." Mwalimu Elisifa alirudi darasani. Anaendelea kuita majina yake mara tatu kwa siku. Akifika mahali pa Ombeni hunyamaza, kisha huendelea na jina linalofuata, na watoto wamejifunza kutulia kimya hapo.

Mwishowe Mzee Mbonea alichoka. Alifunga kidari kwenye majani ya mgomba, akamtwika Naghenjwa kichwani. "Umekua," akamwambia. "Nenda unakoona wewe. Lakini kifike kabla jua halijazama. Kidari kikirudi nyumbani, shukrani yetu imekufa, na hatutaitoa tena."

Msichana alishuka mpaka pale njia inapogawanyika mara tatu. Kutoka pale nyumba zote tatu zinaonekana, na milango yote mitatu ilikuwa wazi. Hakuna aliyetoka nje kumwita. Ndani ya kila nyumba mtu alikuwa amekaa akisikiliza kama kuna nyayo zinazokuja.

Baba yake alikuwa amemfuata kwa mbali. Naghenjwa aligeuka, damu ya nyama ikimchuruzika shavuni, akamuuliza, "Baba, nikiingia kwa mmoja, wale wawili nitawapitaje asubuhi?"

Mzee Mbonea alikaa chini njiani, akalia mbele ya mwanawe.

Nami hapo ndipo ninapomwacha Naghenjwa, kwa sababu sijui. Usiniambie akikate vipande vitatu, nimeshakwambia hakikatwi. Usiniambie arudi nacho. Jua limebakiza vidole viwili kugusa mlima, kidari ni kizito, na yule mtoto bado amesimama. Angekuwa mwanao, ungemwambia ashike njia ipi? Na zile nyumba mbili, nani ataenda kuziambia zifunge milango?