Mfereji Huzibuliwa kwa Kiganja

"Mfereji huzibuliwa kwa kiganja." Mnacheka nini? Mmemsikia mama yenu akimwambia dada yenu maneno hayo, mkadhani wanazungumzia kilimo. Haya, kaeni vizuri. Methali hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni wa ukoo wetu.

Kule kwetu milimani Upare, maji ya kumwagilia hushuka kwa mfereji mmoja, na kila nyumba ina kipande chake cha kusafisha. Kipande cha juu kabisa kilikuwa cha Naelijwa, na hakuna aliyemshinda kwa usafi. Kisha akafiwa na mumewe. Matanga yakaisha, wageni wakaondoka, ila yeye hakurudi shambani. Chakula hakikuwa na ladha, usiku halali, mchana hainuki. Leo wataalamu huiita hali hiyo sonona. Wakati ule watu walisema ni uvivu. Uvivu! Naelijwa aliyeshika jembe tangu hajang'oa meno ya utoto!

Tope likajaa kwenye kipande chake, maji yakakatika, maharage ya watu wa chini yakaanza kunyauka. Siku moja vijana wakaja na majembe wamsafishie. Naelijwa alipowasikia, moyo ulimpasuka, maana kwa desturi yetu anayesafishiwa kipande ni marehemu tu, na baada ya hapo hupewa mtu mwingine.

"Rudini!" Ilikuwa sauti ya wifi yake, Namkunda. "Mwenye kipande yu hai!"

Akaingia ndani, akaketi kitandani.

"Wifi, wanataka kukuzika mzima."

"Waache wanizike. Siwezi, wifi. Hata jembe siwezi kuliinua."

"Nani kakutajia jembe? Mkono unao. Twende utoe kiganja kimoja cha tope, kisha urudi ulale."

"Kiganja kimoja kitasaidia nini?"

"Sijui. Nitakaa nawe."

Wakaenda. Naelijwa akapiga magoti, akachota tope, akalitupa kando, akarudi kulala. Vijana walicheka, wee! Kesho yake akatoa viganja vitatu, akanywa na uji. Zilikuwapo siku ambazo hakuamka kabisa. Namkunda hakumgombeza, alirudi tu siku iliyofuata. Kisha Naelijwa mwenyewe akasema, "Wifi, nisindikize zahanati. Usingizi umenikataa." Kuomba vile kulimtoa jasho kuliko tope. Akapewa dawa, akapata na muuguzi wa kuzungumza naye, na mferejini hakuacha kwenda.

Asubuhi moja maji yakapita. Kwetu, maji yakivuka kipande chako unatangaza jina lako ili wa chini wajiandae. Naelijwa akasimama, tope hadi magotini, akapaza sauti bonde zima likasikia:

"Maji yamepita kwa Naelijwa! Kwa Naelijwa mwenyewe!"

Wanawake wa chini wakapiga vigelegele. Nami ninaposimulia hapa, kifua kinanijaa. Huzuni ilimrudia miaka mingine, siwafichi, lakini hakuna aliyethubutu tena kupeleka jembe pale.

Baadaye sana, mmoja wa wale vijana waliocheka alilemewa na mambo, akajifungia ndani. Aliyegonga mlango alikuwa Naelijwa.

"Mama, siwezi," kijana akalia.

"Najua, mwanangu. Nipe mkono. Mfereji huzibuliwa kwa kiganja."