Kwa Nini Nge Huziba Mlango wa Shimo Lake

“Kama watoto hawa ni wako, maganda ya mayai yako wapi?” Mjusi alimuuliza Nge tena.

“Nimekwambia sina.”

“Basi ni wangu. Mayai yangu yamepotea, nawe umeamka na watoto ambao hakuna aliyeona mayai yao yakitagwa. Au waliota kama uyoga, shoga?”

Hayo yalitokea nyika ilipokuwa bado changa, nge wakiishi juu ya ardhi kama wenzao. Siku hizo mama aliyepata watoto aliyapanga maganda ya mayai mbele ya makao yake, majirani wapite wayaone ndipo wampe hongera. Asiye na maganda hakuhesabiwa mama. Kobe, mwamuzi wa nyika, aliwatazama wale watoto weupe, laini kama nta. Mwishowe akaamua kwamba Nge alete maganda kabla jua halijazama, la sivyo watoto wapewe Mjusi.

Nge akatafuta. Alifunua jiwe hili na lile, akapekua majani makavu. Hakukumbuka kutaga. Alikumbuka uchungu tu, kisha watoto hai miguuni pake. Je, ndivyo wengine wanavyozaa? Au kweli aliwaokota mahali akasahau? Alijiuliza hadi kichwa kikamzunguka.

Aliporudi mikono mitupu, watoto walimpanda mgongoni bila kuitwa, mmoja akimkanyaga jicho. Jua lilikuwa likishuka. Hapo Nge akaacha kujiuliza. Akachimba kwa koleo zake za kubania, si kwenye mchanga unaobomoka bali kwenye udongo mgumu, akalipinda shimo kama nyumba ya konokono ili mkono wa jirani usifike ndani. Akaingia na wanawe, akageuka, akaziba mlango kwa koleo. Mjusi alikuja kuchungulia, akauona mwiba wa mkia, akaenda zake.

Na tangu siku hiyo nge huishi shimoni na hubeba wanawe mgongoni. Kila hatua inayotikisa ardhi huijibu kwa koleo, maana hajui nani amekuja kudai. Wanawe wakishajivua ngozi ya kwanza hushuka, wakaenda kila mmoja kuchimba lake.

Yule Nge wa kwanza, wanawe walipokwisha kuondoka na mvua kuanza, alihisi miguu ikikaribia. Koleo zikapanda, mkia ukainuka. Nje kulikuwa na nge mweusi, mgumu, asiyefanana na mtoto yeyote aliyemjua.

“Mama, ni mimi,” akasema pale mlangoni. “Mimi niliyekuwa nikikukanyaga jicho.”