Mapumziko ya Mtu wa Mwisho

Fundi viatu, jirani wa ukuta mmoja, anadai kwamba yule mfua nguo wa hospitali aliteleza mlimani. Mteja akimtegea sikio tu, yeye humpa hadithi nzima: ukungu ulishuka ghafla kama pazia, jiwe likamponyoka mama wa watu mguuni, akabingirika, na kiongozi wao akajitupa kumdaka, akamkosa kwa upana wa kidole. "Mlima haupangiwi," humalizia huku akikata uzi kwa meno. "Kijana wa watu hana kosa." Husema kama aliyekuwapo, naye tangu azaliwe hajapanda juu kupita ngazi za nyumba yake.

Upande wa pili wa ukuta, mama wa kijana huyo huyasikia yote. Angeweza kutoka akamsahihisha. Hapakuwa na ukungu siku ile, wala aliyeteleza, wala mkono uliokosa. Lakini hadithi ya fundi viatu ilimfaa, akaiacha itembee. Wahenga walimsema mzazi anayeogopa machozi ya mwanawe, naye kila alipoyakumbuka maneno yao aliona kama wamemtaja kwa jina.

Mama huyo watu walimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Kazi yake ilikuwa kuwafunza na kuwatahini wale wanaotaka kuongoza vikundi vya watembeao milimani. Ofisi yao ilikuwa chini kabisa mwa mlima: chumba kimoja chenye meza na redio ya mawasiliano, na nyuma yake stoo iliyonuka buti na kamba zisizokauka. Hapo wanafunzi walijifunza kusoma ramani na dira, kumfunga aliyevunjika, kumtambua anayeanza kuzidiwa na baridi. "Anayetetemeka bado yuko nasi," Mwalimu aliwaambia. "Aliyeacha kutetemeka ndiye wa kukimbiliwa."

Na lilikuwapo somo moja alilolirudia mpaka wanafunzi wakawa wanamwigiza akigeuka, mkono kiunoni, sauti ya puani: "Mapumziko huanza mtu wa mwisho anapoketi, si wa kwanza." Kikundi kikipanda, wenye miguu myepesi hutangulia. Hufika kituoni wakakaa, wakanywa maji, wakataniana. Aliye mzito huja nyuma akihema kama mvukuto. Kiongozi asiyejua kazi akimwona amefika husema, "Haya, tumetimia, twende." Basi wenye nguvu hupumzika kila kituo, na asiye na nguvu hapumziki hata kimoja. Mwanafunzi aliyefanya hivyo siku ya mtihani, hata awe anaijua ramani kama kiganja chake, alirudi nyumbani bila beji.

Mwanawe wa pekee, wenzake walipomtazama akipanda, walimpa jina la Swala kwa wepesi wake. Baba yake alifariki angali mdogo, na tangu siku ile ya msiba, mtoto yule alipolia mpaka sauti ikamkauka, mama hakuweza tena kustahimili kilio chake. Alichokililia alipewa. Alichokikataa kwa machozi, kilikwisha. Ndevu zikamwota, lakini mambo hayakubadilika. Macho ya Swala yakianza kulowa, moyo wa mama ulikuwa tayari umeshasalimu amri.

Mtihani wa kwanza Swala alitahiniwa na mzee mwenzake Mwalimu, aliyeitwa Goti kwa sababu goti lake lilitabiri mvua kuliko redio. Goti alimwangusha bila kupepesa. "Miguu anayo," alisema, "ila macho ya kisogoni hana. Arudi mwakani."

"Ananionea, Mama," Swala alilalamika nyumbani, sahani yake ikipoa mbele yake. "Yeye mwenyewe anachechemea, ndiyo maana anawatetea wanaochechemea."

"Mdomo wako huo, ipo siku utakuponza," mama alijibu, lakini alicheka. Hata kucheka kule alikuja kukujutia.

Kabla mwaka haujaisha, goti la Goti likamlaza hospitali, na mitihani yote ikabaki mikononi mwa Mwalimu. Alipokwenda kumjulia hali, mgonjwa alimshika mkono.

"Usimtahini mwanao. Ningoje."

"Unadhani nitampendelea?"

"Sidhani kitu, mwenzangu. Nasema ningoje."

Hakungoja. Kampuni moja ya matembezi ilikuwa imemwahidi Swala kazi msimu ule ule, na Swala alikuwa ameanza kuhesabu vifaranga yai halijaatamiwa.

Siku ya mtihani alipewa kikundi cha watu waliojitolea kuongozwa. Asubuhi nzima alikuwa hodari. Alisoma miinuko ya ardhi kwenye ramani bila kusita, akavusha watu kijito kwa kamba, akawachekesha. Walipofika kwenye ukuta wa mawe aliketi na wenye mwendo, wakatafuna njugu. Wa mwisho kufika alikuwa mwalimu mmoja wa shule, mnene, mkono umeshika mbavu. Kabla hajatua mzigo, Swala alikwishasimama. "Haya, tumetimia. Twende."

Mama hakumkatiza, maana mtahini hasemi. Kituo cha pili ikawa vile vile. Cha tatu yule mwalimu wa shule akasema huku jasho linamchuruzika, "Naona mimi mapumziko yangu mmenitengea huko huko mbinguni." Watu wakaangua kicheko, na Swala akacheka kuwashinda. Mama peke yake ndiye hakucheka.

Waliposhuka alimwita stoo, akarudisha mlango.

"Hujafaulu, mwanangu."

"Ramani nilikosea?"

"Hapana."

"Kamba?"

"Watu, Swala. Yule mwalimu hakuketi tangu asubuhi. Mara ngapi nimewaambia?"

"Lakini amefika. Mama, amefika mzima, na amenishukuru."

"Leo amefika."

Swala alikaa juu ya rundo la kamba, akafunika uso. Kwanza mabega, kisha sauti. Alilia kile kilio cha msibani, kilio kilekile, ungedhani miaka haikupita. "Kazi itakwenda kwa mwingine," alisema kati ya kwikwi. "Mara mbili mfululizo, tena kwa mkono wa mama yangu. Nitazitazama vipi nyuso za watu?"

Mwalimu alisimama akiutazama utosi wa mwanawe. Alijua jibu lililokuwa la haki, na alijua kwamba ni neno moja tu. *Atajifunza kazini,* alijiambia. *Mlima wenyewe utamfunza.* Akafungua droo, akatoa beji ya shaba, akaibandika kwenye koti la mwanawe. Machozi yakakauka papo hapo, kama maji juu ya bati la moto.

Goti alipotoka hospitali alisikia habari ya beji. Alikwenda dirishani akautazama mlima kitambo kirefu.

Msimu ukaanza. Makundi mengi yalipanda na kushuka salama, kwa kuwa waliopanda walikuwa vijana na jua lilikuwa zuri. Mama akaanza kulala usingizi. Kisha likaja kundi la wafua nguo wa hospitali, naye Swala akapewa kuliongoza. Walikuwa wamemwalika mwenzao mmoja, mwanamke wa makamo aliyezoea kusimama kutwa mbele ya mapipa ya maji ya moto, na ambaye hakuwahi kupanda kilima. Alivaa sweta alilolifuma mwenyewe.

Kilichotokea huko juu kilisimuliwa baadaye na shoga yake, kwenye benchi ya ofisi, blanketi mabegani. Mvua ilikuwa imeanza, nyembamba, na upepo wa kukata masikio. "Kila tulipokaa, yeye alikuja nyuma," alisema. "Kila akifika alituomba radhi. 'Samahani jamani, nawachelewesha.' Akisema hivyo, sisi tunasimama. Hakuna aliyemwambia keti. Hata mimi." Akajivutia blanketi. "Mara ya mwisho hatukumwona akija."

Mwalimu alikuwa mezani redio ilipokoroma.

"Mama." Sauti ya Swala ilikuwa nyembamba kuliko alivyopata kuisikia. "Nimerudi nyuma nimemkuta. Amekaa chini ya jiwe, amevua glavu zake, amezikunja juu ya mapaja. Mama, hatetemeki."

Mwalimu alimwambia la kufanya, moja baada ya jingine: mtie ndani ya hema la dharura, mvue vilivyolowa, mkumbatieni wawili, msimtembeze. Sauti yake haikuyumba. Kisha akaita waokoaji, akapanda nao, na Goti akapanda pia, goti lake likimlaani kila hatua. Walikutana na kundi penye ule ukuta wa mawe. Walikuwa wamembeba. Swala alikuwa mbele, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa akitembea polepole sana, mguu baada ya mguu, asije akamtikisa mtu ambaye hakuna tena cha kumtikisa.

Goti aliwaambia wamtue, kisha akaketi kando yake juu ya nyasi zilizolowa. Wote wakaketi. Ndipo mfua nguo akapata mapumziko, na hakuna aliyesema twende.

Siku ya mazishi ilipita. Barua ya wachunguzi ikaja: mama na mwana wafike kikaoni, kila mmoja aeleze alichokijua. Mchana wa kabla ya kikao Swala aliingia jikoni. Alikuwa amekonda, uso umemsawijika. Akaweka beji mezani, kati ya bakuli la chumvi na kikombe cha mama yake.

"Fundi viatu anawaambia watu aliteleza," alisema.

"Namsikia."

"Unamwacha?"

Mama alipangusa meza mahali palipokuwa pasafi.

"Sikuwa najua kazi," Swala alisema. Macho yake yalikuwa makavu kama changarawe. "Goti alilijua hilo. Wewe ulilijua. Kesho wakikuuliza, usiseme ulikuwa ukungu. Waambie uliniona siku ile, vituo vyote vitatu, ukanipa beji kwa sababu nililia. Wataninyang'anya kazi, labda wanifunge. Waambie tu. Mume wa marehemu atakuwa amekaa pale, anataka kujua. Safari hii usinionee huruma, Mama. Nakuomba."

Ng'ambo ya ukuta nyundo ya fundi viatu ilinyamaza, na sauti yake ikaja wazi: "...akamkosa kwa upana wa kidole, ndugu yangu. Kidole tu."

"Mama?"

Mwalimu aliivuta beji karibu yake. Kitambaa kilimwanguka mkononi, na machozi yakaanza kudondoka juu ya beji, moja, kisha mengi, wala hakuyafuta. Mwanawe alisubiri, wima kando ya meza, hali mikono yake imetulia, hakulia.

Mchelea mwana kulia hulia yeye.