Mbwa Aliyeambiwa Akae

Aliyesema kaa, ndiye aseme inuka.

Mmeisikia leo kisimani. Mama Mghoi amemrushia yule kijana wa kamati ya maji, aliyewapanga wanawake foleni juani kisha akaenda zake kunywa chai. Mmecheka, halafu mkauliza imetoka wapi. Msidhani ni ya wahenga wa zamani za kale. Imetoka hapa hapa Mgungani, na ukuta wake bado umesimama, na huyo Mama Mghoi aliyewachekesha alikuwepo. Siku ile yeye hakucheka. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mtu akiitwa Mwadime, fundi wa viatu vya matairi. Mkewe, Mkamburi, alikufa kiangazi kimoja, na nyumbani hakuacha mtoto ila mbwa. Alikuwa amemleta ndani ya kikapu angali kitoto, macho hayajafunguka vizuri, akamlea kwa uji. Akamwita Ngao. Alisema nyumba isiyo na mlango wa maana ni lazima iwe na ngao.

Baada ya matanga, watu waliporudi makwao, wakabaki wawili, mtu na mbwa. Mwadime hakuwa mtu wa maneno mengi, na yale machache aliyokuwa nayo alimpa Ngao.

Kiangazi chetu mnakijua. Jua la Februari hapa tambarare halina dini. Mwadime alimtembeza Ngao kabla hakujapambazuka vizuri, na mchana hakumtoa. Ikibidi kutoka, alivua kiatu kwanza akakanyaga mchanga kwa unyayo mtupu. Ukimchoma yeye, Ngao haendi. Alimzikia chungu cha maji kivulini hadi shingoni ili maji yasichemke, na saa za jua kali alimtandikia gunia lililoloweshwa. Hakumfungia ndani ya nyumba ya mabati hata siku moja. Alisema mbwa hatoki jasho kama sisi. Joto lake lote analitoa kwa ulimi, na ulimi ukishindwa, kwisha.

Jirani yake Mshila, mtu wa mizaha, alikuwa akipita na kusimama uani.

"Ndugu yangu, mwavuli wake unanunua lini?"

"Pita zako, Mshila."

"Mbwa anakula, analala pabichi, hafokewi. Basi nami nije nibweke?"

Mwadime aliendelea kukata tairi. Lakini usiku maneno ya watu humrudia mtu. Wapo waliosema, si mbele yake, kwamba angemlowekea Mkamburi gunia namna ile, pengine angekuwa hai. Aliyasikia. Asubuhi akaliloweka gunia tena.

Kiangazi kilichofuata, kichaa cha mbwa kikaingia kata ya jirani. Chifu akapita na kipaza sauti juu ya gari. Mbwa yeyote atakayeonekana anazurura bila kibati cha chanjo shingoni atatupiwa nyama ya sumu, na asiyekula nyama atakula rungu. Vibati vitaletwa na daktari wa mifugo kutoka wilayani. Lini? Mtaambiwa. Na mkubwa akikuambia utaambiwa, tafuta gunia ulale.

Sumu ilianza kabla ya vibati. Ndiyo kawaida yao, adhabu hufika kwa gari na haki huja kwa miguu. Mbwa wa Mgungani wakaanza kuokotwa vichakani, midomo imejaa povu.

Basi Mwadime akaamua kumfundisha Ngao mambo yatakayomweka hai. La kwanza, asile kitu cha mkono mwingine. Alimpa Mshila kipande cha nyama kilichotiwa pilipili ndani, akamwambia ampe mbwa. Ngao alikula, akalia, akapiga chafya, akasugua mdomo mchangani. Kesho yake ikawa mkono wa mtu mwingine, na pilipili nyingine. Haukupita muda, ukimletea nyama anageuza uso kama bibi harusi. Maji nayo ni hivyo hivyo.

La pili, asizurure. Mwadime alimwambia "Kaa," akarudi nyuma hatua, akamrudia, akampa kipande cha muhogo wa kuchoma. Kisha hatua zaidi. Kisha nyuma ya nyumba. Kisha hadi dukani na kurudi. Hakumpiga. Alisema ukimpiga mbwa unamfundisha kukimbia, na kukimbia anajua tayari. Ngao akashika. Akiambiwa kaa, anakaa hadi aambiwe inuka.

Siku moja Mshila akajificha nyuma ya ua, akaiga sauti ya Mwadime, "Ngao, inuka!" Mbwa akainuka, akaenda mbio, mkia juu. Mshila akaanguka kwa kicheko.

"Umeona? Hata mwizi mwenye sauti kama yako atamchukua!"

Mwadime hakucheka. Tangu siku hiyo akaongeza jambo la tatu. Neno peke yake halitoshi. Ni lazima mkono wake mwenyewe uguse paji la uso la Ngao, ndipo aseme inuka. Mkono wa mtu mwingine ukikaribia, Ngao aonyeshe meno.

Kazi ikakamilika. Alimkatia mkanda wa shingoni kwa mpira wa tairi, akautoboa tundu mapema, mahali pa kutundika kibati. Kila mlango ambao mauti yangeweza kupitia, aliufunga. Na ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ni mkono wake.

Hatimaye likaitishwa baraza. Wenye mbwa wote waje nao kwenye ukumbi asubuhi. Daktari atakuja, atawaona, atatoa vibati. "Saa nne tutakuwa tumemaliza," chifu alisema.

Ukumbi wenyewe mnaujua, kuta za mawe na paa la mabati. Asubuhi upande wa magharibi una kivuli kizuri, kipana, cha baridi. Mbwa wakaachwa nje upande huo. Wengine walifungwa kamba kwenye vigingi. Ngao hakufungwa. Mwadime alimtandikia gunia lake bichi chini ya ukuta, akamlaza juu yake, akasema, "Kaa." Akaingia.

Ndani, chifu alisimama mbele na kofia yake.

"Kaeni. Mgeni akifika akute watu wamekaa kama watu. Hakuna kutoka toka ovyo. Atakayetoka kabla ya daktari kufika, asiniulize kibati. Na mbwa asiye na kibati, kesho mnajua."

Watu wakakaa. Chifu naye akatoka kwa mlango wa nyuma, kwenda nyumbani kwake kumngojea mgeni. Mlangoni akabaki askari wake.

Saa nne ikaja ikapita. Jua likapanda. Madirisha ya upande wa magharibi yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya vumbi, na mabati juu yakaanza kulia, ka, ka, kama mtu anayevunja kuni. Mwadime hakuwa akiangalia mlango. Alikuwa akiangalia mstari wa nuru uliopita chini ya dirisha lililofungwa. Uliposogea, alijua ukuta ule unapoteza kivuli.

Akainuka. "Afande, mbwa wangu yuko juani. Nimsogeze tu, nirudi."

"Keti, mzee."

"Ni neno moja, afande. Nikimgusa tu, ataenda kivulini mwenyewe."

"Si mimi niliyesema mkae. Aliyesema kaeni, ndiye aseme inukeni. Mngoje chifu."

"Chifu yuko wapi?"

"Mimi ni babu yake?"

Watu wakacheka. Mwadime akakaa.

Nje, mbwa wengine hawakuwa na adabu. Jua lilipowafikia walipiga kelele, wakatafuna kamba, mmoja akang'oa kigingi, wakatimkia chini ya migunga wakalala. Wasiofundishwa ndio waliopona. Ngao aliwatazama wakienda. Alitazama mlango. Akabaki pale alipoambiwa, juu ya gunia lililokuwa limekauka likawa kama ngozi.

Mama Mghoi, wakati huo msichana mwenye mtoto mgongoni, alikuwa akiuza uji kando ya ukumbi. Alimwona. Akamsogezea maji katika bakuli. Ngao akageuza uso. Akamkaribia kumvuta, Ngao akaonyesha meno, lakini meno yenyewe yalikuwa yakitetemeka. Akamrushia maji kwa mkono kutoka mbali, yale kidogo yaliyobaki kwenye kibuyu. Mengine yalimpata, mengine yakanywewa na ardhi. Akaenda kugonga mlango.

"Baba Mwadime! Mbwa wako anatoa ute mzito! Anayumba!"

Mwadime akainuka mara ya pili. Askari akaweka fimbo mlangoni.

"Toka. Mimi sikuzuii. Ila kibati usahau. Na kesho mimi ndiye nitakayekuja kwako na rungu, maana nimetumwa. Chagua."

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, nao ulitegwa na mtu aliyekuwa wakati huo akila pilau chini ya dari. Akitoka, Ngao anauawa kesho. Akikaa, labda daktari yuko njiani, labda ni gari lake hilo linalovuma, labda kidogo tu. Mwadime alisimama akiutazama mstari wa nuru.

Na akakumbuka benchi la zahanati. Mkamburi amekaa, jasho halimtoki tena, anasema, "Baba, twende kwa wamisheni, nitatembea polepole." Na yeye, Mwadime, kamwekea mkono begani, akamkalisha. "Tumeambiwa tukae hapa. Wataita jina." Hawakuita. Mwenye funguo za chumba cha dawa alikuwa ameondoka, na hakuna aliyewaambia waondoke.

Alikumbuka yote hayo, na bado akakaa. Msimhukumu haraka. Mtu hufundishwa kama mbwa anavyofundishwa, hatua moja, hatua mbili, hadi siku moja unamwacha peke yake na hainuki.

Kilichomwinua hatimaye ni kimya. Alikuwa akisikia kuhema kwa Ngao nyuma ya ukuta muda wote, kama msumeno kwenye ubao. Sasa hakusikia kitu.

Alimpiga kikumbo askari, fimbo ikaanguka, akazunguka ukuta. Ngao alikuwa bado juu ya gunia. Alikuwa amelala ubavu, lakini juu ya gunia, hata mguu mmoja haukuwa umegusa nje. Ulimi ulikuwa umegeuka rangi ya udongo. Mwadime akapiga magoti, akamwekea mkono kwenye paji la uso.

"Inuka, Ngao. Inuka, mwanangu. Nimekuja, inuka."

Mkia ulipiga vumbi mara moja. Miguu ya mbele ikajikaza, ikajaribu. Kisha ikalegea.

Alimbeba hadi kivulini. Mama Mghoi akamimina uji wake wote chini apate chombo, akakimbilia maji kwa jirani. Walimlowesha tumbo, makwapa, nyayo. Mwadime alijua la kufanya, wala hapakuwa na asilolijua. Alichelewa tu.

Gari la daktari lilifika jua likielekea milimani. Chifu alishuka pamoja naye, meno akiyachokoa, akaona watu wamesimama duara.

"Kuna nini? Si nilisema mkae?"

"Mbwa wa Mwadime amekufa," mtu akasema.

Chifu akatazama, akatikisa kichwa. "Jua hili ni baya. Pole, mzee. Jua limemuua."

"Jua halikumwambia akae," Mwadime akajibu. Hakupaza sauti.

"Wewe ndiye uliyemwambia. Mimi sijawahi kusema na mbwa wako."

"Kweli. Nilimwambia mimi. Ndiyo maana alikuwa akinitazama mimi mlangoni. Nami nilikuwa nikimtazama nani?"

Chifu akafungua mdomo. Mshila, yule wa mizaha, alikuwa amesimama karibu, uso umemkauka, akaiga sauti ya askari, sawasawa kabisa, na safari hii hakuna aliyecheka.

"Aliyesema kaa, ndiye aseme inuka."

Daktari, asiyejua kilichotokea, akatoa kibati kwenye boksi akauliza mbwa huyu ni wa nani. Mwadime akakipokea. Akakitia kwenye tundu la mkanda wa tairi, tundu alilolitoboa mapema, akamzika Ngao nacho usiku ule kando ya kaburi la Mkamburi. Alisema wapo wawili sasa waliokaa kama walivyoambiwa.

Chifu yule alidumu miaka mingi. Msidhani aliondolewa, wakubwa hawaondolewi na mbwa. Lakini kila alipoitisha baraza na kusema, "Kaeni," watu wa Mgungani walimtazama kwanza miguuni, waone kama naye anakaa. Akielekea mlango wa nyuma, walianza kuinuka mmoja mmoja, taratibu, bila fujo, na wa kwanza kuinuka daima alikuwa Mwadime. Askari akiuliza wanaenda wapi, walimrudishia maneno yake mwenyewe.

Ndiyo maana leo kisimani yule kijana wa kamati alinyamaza. Kumweka mtu ni rahisi, hata mtoto anaweza. Lakini ukimweka mtu mahali, umebeba uhai wake hadi utakaporudi kumwondoa. Nanyi mnaokalishwa, angalieni kivuli kinapohamia.

Aliyesema kaa, ndiye aseme inuka.