Tisini na Tisa Si Sifuri

Hebu vuteni picha, ndugu zangu: chumba kidogo cha ofisi, kompyuta moja, na rundo la madodoso yaliyorudi kutoka vijijini. Mbele yake ameketi binti aliyeanza kazi Jumatatu hiyo. Ana miaka sita hajafika kwao. Aliondoka baada ya kugombana na baba yake, fundi baiskeli, na neno alilomtupia mlangoni bado linamchoma mwenyewe. Kila akisikia lafudhi ya kwao sokoni husimama kidogo, kisha huenda zake.

Kazi yenyewe ni hii: kila mtu aliyetajwa kwenye dodoso anapewa mstari wake katika programu ya takwimu, na kila jibu linageuzwa namba. Penye swali la "Anaishi wapi sasa?", alipokuta "hajulikani", binti aligonga sifuri.

Mama aliyekuwa akimfundisha akainama kutazama.

"We mwanangu, hawa wote umewaua?"

"Si hawajulikani, mama? Basi hawapo."

"Sifuri hapa ni ya marehemu. Asiyejulikana mpe tisini na tisa. Maana yake yupo, ila hatujui alipo. Mstari wake haufutwi."

Binti akacheka, akaanza kurekebisha. Kufika dodoso la kumi na moja, kicheko kikakatika. Kijiji ni chao. Baba wa nyumba, fundi baiskeli. Watoto, wanne.

Wanne? Nyumbani aliacha watatu. Akashuka kwa kidole: mtoto wa pili, wa kike. Umri, miaka ishirini na sita. Alikuwa ameitimiza mwezi uliopita, peke yake, bila hata salamu. Anaishi wapi sasa? Hajulikani. Pembeni aliyelijaza dodoso alikuwa ameongeza kwa kalamu: "Nilitaka kumruka huyu. Baba akakataa."

"Mbona umesimama?" mama akauliza.

"Huyu alipo panajulikana, mama. Naomba ruhusa nikapige simu."

Sasa tuje kwetu sisi. Ni wangapi humu tumekaa mbali, tukijigongea sifuri wenyewe? Tunasema, kwa Baba nilishafutwa, nirudi kwa uso gani? Kumbe huko anahesabu mpaka miaka yetu. Na majumbani mwetu je, yuko ambaye tumeacha kumtaja watoto wanapohesabiwa?

Mkitoka hapa leo, mengine yote mnaweza kuyasahau. Nawaomba mkumbuke hili moja tu: mstari wako bado upo.