Ufunguo wa Lori la Lutengano

Nipeni masikio yenu, nami mwishoni nitawaachia hukumu, maana mimi imenishinda.

Huko Mafinga alikuwepo mtu aitwaye Lutengano Sanga, dereva asiye na bosi. Lori lilikuwa lake, mzigo aliutafuta mwenyewe, na likiharibika njiani alilala chini yake mwenyewe na spana. Mkewe, Atupele, alikuwa na jicho la kuiona shari ingali mbali. Rafiki yake Mhagama, dereva kama yeye, alikuwa na mikono ya kung'oa visiki. Wa tatu ni Kikoti, aliyeendesha lori la tajiri mmoja. Huyo, Lutengano hakumjua hata kwa sura. Kipaji cha Kikoti kilikuwa kimoja tu: uongo ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Bima ya lori ilipokaribia kwisha, Lutengano alitaka kukata bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe ukilia.

"Trafiki anataka kuona stika tu," alisema. "Haulizi kubwa wala ndogo."

"Trafiki haulizi," Atupele akamjibu, "lakini barabara itauliza."

Akauza cherehani chake, kilichomlisha tangu akiwa mwali, akaenda mwenyewe kukata bima kubwa. Tangu siku hiyo akawa mfua nguo za watu.

Mwezi wa nne, mchana wa ukungu mzito, Lutengano alikuwa akishuka mlima na shehena ya mbao. Kwenye kona akakuta lori limesimama katikati ya njia. Alikata usukani kulikwepa. Gari likabiringika, likashika moto, naye mguu umebanwa chini ya usukani. Mhagama, aliyekuwa akimfuata na lori la kukodi, akaja mbio.

"Niache, ndugu yangu!" Lutengano alimlilia. "Tangi litalipuka!"

Mhagama alikishika chuma kilichokwisha kuwa chekundu, akakivuta mpaka kikapinda, akamtoa. Hospitalini mguu wa kulia ulikatwa. Vidole vya Mhagama vilipona vimejikunja kama kucha za kuku. Hata kikombe cha chai hukishika kwa viganja viwili. Udereva ukawaishia wote wawili.

Kisha bima ikakataa kulipa. Mwenye lile lori lililosimama alikuwa ameandikisha kwamba gari lake liliegeshwa pembeni vizuri, na kwamba Lutengano alikuja amelewa. Bima hailipi mlevi. Miezi mitano Atupele alikwenda na kurudi na jibu lile lile, na Lutengano, ambaye pombe hakuwahi kuionja, akaanza kuona majirani wakimwangalia kando kando.

Ndipo siku moja Kikoti alipoingia ofisi ya bima bila kuitwa.

"Lori lilinifia kwenye kona," alisema. "Sikuweka pembetatu, sikukata hata tawi la mti kuwatahadharisha wenzangu. Bosi aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Yule baba hakulewa. Alinikwepa asiniue."

Siku hiyo hiyo alifukuzwa kazi, na matajiri wakapeana jina lake. Hakuna aliyemtaka tena. Bima ikalipa, likanunuliwa lori jingine.

Sasa lori liko uani. Lutengano amekaa kwenye kigoda, magongo ubavuni, ufunguo mkononi. Watatu wako mbele yake.

"Liuze unirudishie kazi yangu ya cherehani," Atupele alisema. "Nimechoka kuruka kila simu inapolia."

"Mimi siombi," Mhagama alisema, macho chini. "Lakini nina watoto wanne, na mikono mnaiona. Ningelipata, ningemweka dereva."

Kikoti alipiga magoti. "Liwe lako, baba. Nipe usukani tu. Sina pengine pa kwenda."

Lutengano aliitazama ile miguu miwili mizima iliyopiga magoti, na hasira ikampanda hadi machoni. Papo hapo akakumbuka ni kinywa cha nani kilichomtoa kwenye ulevi asioujua, akashindwa hata kumwambia ainuke.

"Huyu akikaa kwenye kiti chako," Atupele alimnong'oneza, "mimi narudi kwetu."

Msiniambie wagawane. Ukishatoa dizeli, matairi na bima ya mwaka ujao, lori moja la mbao halilishi nyumba tatu. Bila mke, lisingekuwepo lori. Bila rafiki, asingekuwepo Lutengano. Bila yule aliyemponza, jina la Lutengano lingeoza na bima isingetoa kitu.

Watatu wanamngoja. Haya, enyi mnaosikiliza, mtu mzima na mtoto: ungekuwa wewe juu ya kile kigoda, ufunguo ungemkabidhi nani, na hao wawili wengine ungewatazama kwa macho gani?